Kuipima Programu kwa Hitilafu Zilizokusudiwa

Programu nyingi za kompyuta hupimwa mambo yanapokwenda sawa: habari huandikwa, husomwa, na jibu hulingana na lile lililotarajiwa. Sehemu inayopaswa kushughulikia hitilafu huweza kukaa miaka mingi bila kuamshwa, na siku inapoamshwa ndipo hugundulika kuwa nayo ni mbovu.

Chukulia kanzidata inayotunza majina ya watahiniwa. Baina yake na programu anayoitumia karani huwapo maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa amri zilizokwisha andikwa, ambao hupeleka maombi na kurudisha majibu. Kanzidata ikikataa ombi hutoa alama ya hitilafu. Katika PostgreSQL, alama 23505 maana yake ni kwamba kitu kisichopasa kurudiwa kimerudiwa, kama vile namba moja ya mtihani kupewa watahiniwa wawili. Alama 40001 huonyesha kwamba kazi zilizofanywa kwa wakati mmoja zimegongana. Maktaba huzigeuza alama hizo kuwa hitilafu zenye majina yake yenyewe, na hapo ndipo penye hatari. Kazi iliyogongana yafaa ianzwe upya, na aghalabu hufaulu. Namba iliyokwisha tumika, hata ikipelekwa mara mia, itakataliwa.

Basi jaribio huingiza namba ileile mara mbili kwa makusudi. Haitoshi kuona kwamba hitilafu imetokea, kwani hata jina la jedwali lililoandikwa vibaya huleta hitilafu. Hapana budi aina yake ihakikishwe, alama ya asili iwe ingali imehifadhiwa, na mtahiniwa wa kwanza awe amebaki peke yake. Tena, hitilafu isipotokea, jaribio lenyewe lihesabiwe kuwa limeshindwa; jambo hili husahauliwa mno.

Iliyo ngumu zaidi ni hitilafu ya mawasiliano kukatika wakati kanzidata inathibitisha malipo ya ada. Maktaba ikisema "imeshindikana", karani ataandika tena, na huenda mzazi akahesabiwa malipo mara mbili. Jibu la haki ni "haijulikani".

Hitilafu za namna hiyo hazingojwi, hutengenezwa. Watunzi wa SQLite hufanya ombi la kwanza la nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta likataliwe. Kisha huanza upya na kulikataa la pili, halafu la tatu, hadi kazi nzima imalizike bila kukwama, na kila mara huchunguza kama hitilafu imeshughulikiwa ipasavyo.