SOMO LA TISA: CHUMVI NA SHINIKIZO LA DAMU

Ndugu mwanakisomo, mchuzi bila chumvi hauna ladha. Tena mwili unahitaji chumvi. Lakini unahitaji kidogo tu.

Moyo husukuma damu katika mishipa. Nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa huitwa shinikizo la damu. Wengi huliita presha. Mtu akila chumvi nyingi husikia kiu, akanywa maji. Chumvi huyazuia maji hayo mwilini mpaka figo ziitoe kwa mkojo. Chumvi ikizidi, figo hulemewa. Maji ya damu huongezeka na shinikizo hupanda. Likikaa juu miaka mingi, moyo na figo huharibika. Mshipa wa ubongo ukipasuka au ukiziba, mtu hupooza au hufa.

Wataalamu walijuaje haya? Huko Marekani, daktari Lewis Dahl aliwalisha panya chumvi nyingi. Wengine walipanda shinikizo, wengine hawakupanda. Akayazalisha makundi hayo mbalimbali. Mwaka 1962 alieleza kwamba tabia hiyo hurithiwa.

Lakini panya si mtu. Kwa hiyo, huko Gabon, wataalamu wengine walichunguza sokwe, mnyama aliye karibu sana na binadamu. Kundi moja liliongezewa chumvi kidogo kidogo hadi gramu 15 kwa siku, kwa miezi 20. Shinikizo lao lilipanda, ingawa si kwa kila sokwe. Chumvi ilipoondolewa, baada ya miezi sita shinikizo lilirudi kama zamani. Habari hizi zilitolewa mwaka 1995.

Na binadamu je? Nchini Kenya, Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi walipimwa. Matokeo yalitolewa mwaka 1990. Shinikizo lao lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki kijijini, na mkojo wao ulikuwa na chumvi zaidi. Chakula kilikuwa kimebadilika. Uzito wao pia ulikuwa umeongezeka.

Si watu wote wanaodhurika sawasawa na chumvi. Lakini huwezi kumjua mtu wa kudhurika kwa kumtazama. Tena presha mara nyingi haiumi. Mtu hulima, hucheka, kumbe anaugua. Dawa ya kujua ni kupimwa.

Tufanye nini?

1. Tusizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku kwa mtu mzima. Hizo hazizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na chumvi iliyomo katika mkate na samaki wa chumvi.
2. Tuonje kwanza kabla ya kuongeza chumvi mezani. Ndimu, vitunguu na tangawizi huleta ladha.
3. Chumvi hiyo kidogo iwe yenye madini joto.
4. Twende zahanati kupima shinikizo. Aliyepewa dawa asiziache bila kumwuliza mganga.

MASWALI

1. Kwa nini chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu?
2. Sokwe walipoondolewa chumvi, ilikuwaje?
3. Nyumbani kwako pakiti moja ya chumvi huisha kwa siku ngapi? Mnakula watu wangapi? Pigeni hesabu darasani.