Mana: Je, Maandiko Yanapingana?

Mzazi asomaye Agano la Kale pamoja na watoto wake yampasa awe tayari kwa swali hili: mana waliyokula Waisraeli jangwani ilikuwa na ladha gani? Kitabu cha Kutoka, sura ya 16, chasema ilikuwa nyeupe, ndogo kama mbegu za giligilani, tena tamu kama mkate mwembamba wenye asali. Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, chataja ladha ya mkate uliopikwa kwa mafuta. Kitabu cha Hekima, sura ya 16, chafundisha kwamba ilimfaa kila mlaji kwa kadiri ya matakwa yake. Kumbe katika Hesabu, sura ya 21, walaji wenyewe wanaiita chakula duni kilichowakinaisha!

Mtoto akiuliza lipi ni kweli, tusimkaripie. Tukimnyamazisha, twamfundisha kwamba imani huogopa kuulizwa.

Tuanze na lililo jepesi. Kitabu cha Hesabu chaeleza jinsi watu walivyoisaga mana kwa mawe au kuitwanga kinuni, wakaitokosa vyunguni na kuifanya mikate. Ndipo chataja ladha yake. Asifuye utamu wa hindi bichi na asifuye ladha ya ugali hawapingani, ingawa nafaka ni moja.

La pili: ikiwa jua liliiyeyusha mana, ilistahimilije moto wa jikoni? Kitabu cha Hekima chenyewe kililiona jambo hili. Chaeleza kwamba kitu ambacho moto haukukiharibu kiliyeyuka kwa mwali mdogo wa jua, ili watu wajue kuwa yafaa kumshukuru Mungu kabla ya mapambazuko.

Lakini fundo kubwa limebaki. Ikiwa mana ilimpendeza kila mtu, mbona walinung'unika na kutamani samaki na matango ya Misri? Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hipo, aliwahi kuandika katika barua kwamba mana ilikuwa na ladha kinywani mwa kila mtu kama apendavyo mwenyewe. Uzeeni, yapata mwaka 427, alipovipitia upya vitabu vyake, alilirudia neno hilo. Alisema neema hiyo yaweza kuwa iliwafikia waamini, wala si wale walionung'unika. Kwani kama mana ingalikuwa na ladha waliyoitaka, wasingalitamani chakula kingine.

Basi Maandiko hayapingani. Mtunga Zaburi aiitaye mana mkate wa mbinguni anasema kwa moyo wa shukrani; waliokinai wanasema kwa moyo uliochoka na safari. Mana ni ile ile. Iliyotofautiana ni mioyo ya walaji.

Hapo ndipo somo hili linapotugusa sisi. Katika Injili ya Yohane, sura ya 6, Bwana Wetu Yesu Kristo asema kwamba baba zao walikula mana jangwani wakafa. Yeye ndiye mkate wa uzima. Ekaristi Takatifu ni ile ile kwa ajongeaye kwa ibada na kwa ajongeaye kwa mazoea tu. Lakini matunda wanayoyapata hayalingani.

Wazazi wapenzi, zisomeni sura hizo pamoja na watoto wenu. Kila mahali ulizeni kwanza: ni nani anayesema, na ana moyo gani? Kisha kila mmoja ajiulize hivyo hivyo kabla ya kuiendea Meza ya Bwana.