Jasi ya Makanya na nakshi za dari

Makanya, wilayani Same, jasi huchimbwa tambarare, chini ya Milima ya Upare. Sehemu kubwa huenda viwandani, ikasagwe pamoja na klinka ili saruji isigande upesi. Lakini jasi hiyo hiyo ndiyo asili ya unga mweupe ambao mafundi huuita jipsamu, na ni haki ya vijana wa Same kujua kuufinyanga kuwa nakshi, si kupakia magari tu.

Jasi ni laini, hukwaruzika kwa ukucha, na ndani yake mna maji. Ikichomwa kwa nyuzi joto 150 hivi, robo tatu ya maji hayo hutoka. Unga wake ukikutana na maji tena, hugeuka jiwe kwa dakika chache. Kwa nakshi nunua unga uliokwisha kuchujwa na kuchomwa, maana jasi yenye udongo hutoa kazi dhaifu.

Weka maji safi kwenye ndoo kwanza, kisha nyunyiza unga kwa mkono mpaka uanze kujitokeza juu ya maji kama visiwa. Uache unywe dakika moja au mbili, ndipo ukoroge polepole usiingize mapovu. Ukianza kuganda usiongeze maji. Utapata kitu kinachobomoka. Mabaki ya zamani ndooni nayo huharakisha kuganda, kwa hiyo ioshe kila mara, wala usimwage maji yake kwenye bomba la sinki.

Mkanda wa ukingo wa dari hautaki mashine. Kata bati kwa umbo unalolitaka, lisugue kwa tupa hadi makali yawe laini, ligongelee ubaoni. Paka meza mafuta kidogo, weka rojo, kisha vuta bati juu yake kwa mwendo mmoja. Mara ya kwanza utaona mashimo na mikwaruzo. Ongeza rojo jepesi, vuta tena, na tena, mpaka kingo zing'ae. Katikati ya matabaka ya rojo laza nyuzi za katani zilizochambuliwa. Katani inalimwa tambarare hizo hizo, na ndiyo inayozuia mkanda usivunjike ukibebwa. Ua la katikati ya dari lifungwe kwa skrubu kwenye mbao, lisitegemee gundi peke yake. Rangi isubiri mpaka nakshi ikauke hadi ndani.

Vaa barakoa unapomimina unga. Usizamishe mkono kwenye rojo linaloganda: hupata joto la kuunguza.

Jasi ni ya ndani tu. Huko juu, Mbaga na vijiji vya kuelekea kilele cha Shengena, ukungu na mvua vitailainisha, kwa hiyo nje tumia chokaa, kama walivyofanya mafundi wa Lamu na Unguja waliochonga zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, kwa chokaa ya matumbawe. Sehemu moja ya chokaa iliyozimwa kwa tatu za mchanga safi inatosha; paka tabaka jembamba, lowanisha ukuta kabla, na ukinge na jua kali kwa siku kadhaa, kwani chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ukaa. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa usiufunike kwa saruji. Unyevu hukwama ndani na lipu hubanduka.