Kamba ya Kujifunzia Mafundo

Wazazi wengi huwapa watoto kamba za viatu wajifunzie mafundo. Sisi walimu wa zamani tunashauri msifanye hivyo. Kamba nyembamba huficha njia ya fundo, na likikaza halifunguki ila kwa meno. Tafuteni kamba laini ya pamba, nene kama kidole cha mwisho, yenye urefu wa mita 2 hivi. Ikateni vipande viwili, na kimoja mkichemshe katika majani ya chai kipate rangi, ili mtoto aone kipi kimepita juu na kipi chini.

Lakini msiishie hapo. Kazi zetu huku milimani Uluguru hazifanywi kwa kamba ya pamba. Tunafunga kuni, mbuzi na matenga ya ndizi; na katika vijiji visivyofikiwa na gari tunafunga machela ya mgonjwa. Kamba huwa ni ya katani au ya nailoni, na kila moja ina tabia yake.

Katani twaijua. Dk. Richard Hindorf alileta mkonge nchini mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyosalia hai. Mashamba yake yakaenea mpaka Kilosa na Morogoro kwetu. Nyuzi zake zina vinyweleo vinavyoshikana, hivyo fundo haliachii upesi. Ubaya wake, ikilowa huvimba na fundo hugoma kufunguka. Ikikaa na unyevu huoza. Kabla ya kununua, fungua msokoto kidogo uchungulie ndani. Ukiona vumbi au nyuzi zilizokatika, iache dukani.

Nailoni ni imara, tena haiozi, ila huteleza. Hilo tulijifunza kwa aibu. Siku moja tulifunga machela kwa nailoni, kwa fundo lile lile tulilolifundisha miaka mingi kwa katani. Hatukufika hatua kumi, fundo likaachia. Ashukuriwe Mungu, wenzetu walimdaka mgonjwa kabla hajaanguka. Tangu hapo, kwenye nailoni tunaacha mkia wa shubiri nzima, na mkia huo tunaufunga tena kwenye kamba yenyewe.

Basi mtoto akiweza kufunga kwa pamba huku amefumba macho, mpeni katani, kisha nailoni. Kavu kwanza, halafu iliyolowa. Aning'inize ndoo ya maji kwenye tawi la mwembe jioni, na asubuhi aende kuitazama mwenyewe.