Kuingia, Kuvunja au Kudukua? Tafsiri ya Kosa la Tarakilishi katika Sheria ya Kenya

Tuchukue mfano wa mkahawa wa intaneti, au saiba kama wasemavyo wengi, katika makutano ya Kisian, pale barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia. Mteja anaondoka bila kufunga baruapepe yake. Anayekalia kiti baada yake anazikuta barua wazi, anajua si zake, lakini anazisoma. Je, ametenda kosa?

Jibu linategemea mwaka. Sheria ya Mawasiliano iliporekebishwa mwaka 2009, kifungu cha 83U kilimtia hatiani yeyote aliyeitendesha tarakilishi kazi huku akijua hana idhini ya kuingia. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Sheria ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 2018, kifungu cha 14, ilipandisha faini hadi shilingi 5,000,000 na kifungo hadi miaka 3. Hata hivyo, ilitia sharti ambalo wengi hulipita bila kulitazama: mshtakiwa awe amekiuka kinga za usalama. Msomaji wetu wa Kisian hakubahatisha nywila wala hakuvunja kufuli. Kwa maoni yangu, kifungu hicho hakimnasi.

Hapa ndipo taaluma yetu inapohitajika mahakamani. Sheria za Kenya hutungwa kwa Kiingereza, ilhali ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inataka anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Mkalimani akisema "uliingia bila idhini", amesimulia kosa la 2009, na mshtakiwa mkweli atakiri kosa ambalo sheria ya sasa haimwekei. Akisema "ulidukua", neno lililoenezwa na vyombo vya habari, mshtakiwa atawawazia mabingwa wa programu na kukana, hata kama alibahatisha nywila ya mwajiri wake. (Ajabu ni kwamba kudukiza, neno linalofanana nalo kwa sura, ni kusikiliza mazungumzo ya watu kwa siri, hapo hakivunjwi kitu.)

Napendekeza "kukiuka kinga ya tarakilishi kwa nia ya kuingia, huku ukijua huna idhini". Ni ndefu na haina mvuto, lakini tendo, nia na ujuzi wa mshtakiwa vyote vimo. Mwenye istilahi fupi isiyoangusha hata kimoja kati ya hivyo vitatu na ailete, tuijadili.