Je, Mtu Aweza Kunakiliwa?

Tarehe 5 Julai 1996, katika Taasisi ya Roslin huko Scotland, alizaliwa mwanakondoo asiye na baba. Wataalamu, wakiongozwa na Ian Wilmut na Keith Campbell, walitwaa seli, yaani chembe hai, iliyotoka katika kiwele cha kondoo mweupe. Wakatwaa pia yai la kondoo mwenye uso mweusi, wakalitoa kiini chake, maana ndani ya kiini ndimo ulimo urithi wa mnyama. Vitu hivyo viwili wakaviunganisha kwa nguvu ya umeme, na yai likaanza kukua kana kwamba limetungishwa. Kondoo mwingine mwenye uso mweusi akabeba mimba, akazaa mtoto mwenye uso mweupe. Ndiye Dolly, aliyetangazwa kwa ulimwengu mwaka 1997, akafa mwaka 2003.

Magazeti yalimshangilia Dolly. Ni wachache walioitazama hesabu. Mayai yaliyounganishwa kwa njia hiyo yalikuwa 277. Yaliyofikia kupandikizwa tumboni ni 29. Aliyezaliwa ni mmoja.

Hasara hiyo mfugaji aweza kuivumilia, nasi hatusemi kwamba kumnakili mnyama ni dhambi, mradi asiteswe bure. Lakini weka mtoto wa binadamu mahali pa kondoo, kisha uhesabu tena. Wala jambo hili si ndoto ya mbali: mwaka 2018 wataalamu wa China walitangaza kuzaliwa kwa tumbili wawili kwa njia iyo hiyo. Kwa upande wa watu, waliodai mwaka 2002 kwamba wamemzalisha mtoto hawakuleta uthibitisho wowote.

Liko shauri moja ligusalo moyo: mzazi aliyefiwa, kwa nini asirudishiwe mwanawe? Wazazi wenzetu, asingerudishiwa. Kulwa na Doto, wakiwa mapacha wa kufanana, wana urithi mmoja wa mwili tangu tumboni. Hata hivyo Kulwa akifa, hakuna mama amwitaye Doto kwa jina la nduguye na kufuta machozi. Roho ya kila mmoja huumbwa na Mungu, wala hainakiliwi. Mtoto wa kunakiliwa angekuwa pacha aliyechelewa kuzaliwa, amewekewa nguo na kitanda vya marehemu, na kila siku angepimwa kwa mwingine: mbona mwenzako alipenda kuimba? Mtoto wa namna hiyo hapokelewi kama zawadi. Aagizwa, kama nguo kwa fundi.

Kwa sababu hiyo Kanisa, katika hati Dignitas Personae ya mwaka 2008, lafundisha kwamba kumnakili binadamu ni kosa kwa asili yake, kwani ni kumleta mtu duniani pasipo tendo la mume na mke la kujitoleana. Wengine watasema twaizuia elimu. La, ustadi wa Roslin twaustahi.

Naye mtoto huyo, kama angezaliwa siku moja, asingebeba kosa la waliomfanya. Angekuwa mtu kamili mwenye roho yake, na padre angewauliza waliomleta, kama awaulizavyo wazazi wote mlangoni pa kanisa, wamemchagulia jina gani.