Wafanya Kazi Walio Chini ya Jembe

Watu wengi hudhani ya kuwa udongo ni kitu kilichokufa, mfano wa mawe yaliyosagwa, na ya kuwa kazi yake ni kuishika mizizi tu ili mmea usianguke. Sivyo. Katika kijiko kimoja cha chai cha udongo mzuri huweza kuwamo vijidudu zaidi ya milioni 1,000, navyo ni vidogo hata havionekani kwa macho matupu. Pamoja navyo umo ukungu wenye nyuzi nyembamba kuliko nywele, wamo nyungunyungu, mchwa na wengineo. Somo letu ni hili: kila tendo la mkulima, akishika jembe, plau au kiberiti, ama huwalisha viumbe hao ama huwanyima chakula.

Kazi yao ni ipi? Kwanza, huozesha majani, mabua na samadi mpaka vikawa chakula ambacho mizizi yaweza kukifyonza. Pili, vijidudu na nyuzi za ukungu hushikamanisha chembe za udongo zikawa vibonge vidogo vyenye nafasi kati yake. Humo mvua hupenya, badala ya kukimbilia mtoni pamoja na udongo wako. Tatu, nyungunyungu na mchwa huchimba njia za maji na hewa. Nne, vijidudu fulani hukaa katika vinundu vya mizizi ya kunde na maharagwe, wakaivuta naitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Jambo hilo lilielezwa na wataalamu Hellriegel na Wilfarth huko Ujerumani mwaka 1886. Lakini wakulima waliopanda kunde pamoja na mtama walipata faida yake hata kabla ya jina la naitrojeni kujulikana.

Sasa tutazame desturi zinazowadhuru wafanya kazi hao.

Mtu achomaye mabua huona shamba safi. Jivu hubakiza chumvi kadhaa zenye manufaa, lakini sehemu kubwa ya naitrojeni hupaa na moshi, na chakula cha vijidudu huisha kwa saa moja. Naye alimaye tena na tena pasipo haja hukata nyuzi za ukungu, hubomoa njia za nyungunyungu, na kuingiza hewa nyingi. Ndipo vijidudu hula upesi akiba iliyowekwa kwa miaka mingi. Mwaka wa kwanza mahindi husitawi, na mkulima hufurahi, asijue ya kuwa anakula mtaji. Mali bila daftari huisha bila habari.

Hapa msomaji atauliza kwa haki: "Nikiacha mabua shambani, ng'ombe wangu atakula nini?" Swali hilo ni zito, hasa kwa mwenye eka mbili. Jibu ni kwamba bua lililopita tumboni mwa ng'ombe halikupotea kabisa, mradi samadi irudi shambani. Hasara huja bua likiuzwa, au samadi ikiachwa juani na mvuani mpaka nguvu yake ikaisha. Irundikeni kivulini na kuifunika.

Je, mbolea ya chumvichumvi haitoshi? Hiyo hulisha mmea, nayo ina faida; lakini peke yake haijazi ghala la udongo. Huko Kabete, karibu na Nairobi, jaribio la mahindi na maharagwe lilianzwa mwaka 1976. Baada ya miaka mingi ilionekana kwamba akiba ya udongo ilipungua katika vipande vyote, ila ilipungua kidogo zaidi pale samadi, mabua na mbolea ya chumvichumvi vilipotumika pamoja.

Lakini jihadharini: mabua makavu yakifukiwa karibu na siku ya kupanda, vijidudu huichukua naitrojeni ya udongo ili kuyaozesha, na mahindi machanga huwa manjano. Afadhali kuyatandaza juu, au kuyaozesha kwanza pamoja na samadi.

Kila mtu aweza kujipima. Asubuhi baada ya mvua, chimba shimo la sentimita 30 kila upande katikati ya shamba, na jingine kando ya ua ambapo jembe halifiki. Hesabu nyungunyungu wa kila shimo. Kisha tia kibonge kikavu cha kila mahali katika bilauri ya maji: kile kinachoyeyuka mara moja kuwa tope kimetoka katika udongo wenye njaa.

Nawe ufanyaye kazi mjini, ambaye shamba lako limetunzwa na mama au mke nyumbani, usipeleke fedha za mbegu tu. Uliza mabua yamekwenda wapi, na samadi imewekwa wapi. Anayevuna kila mwaka pasipo kurudisha kitu, huwaachia watoto wake mipaka ya shamba, wala si shamba.